Kapu la Mgeni: Gharama za Maisha ya Watumishi wa Kigeni Katika Jiji la Dar es Salaam

Neno mgeni katika lugha yetu lina sura mbili. Mgeni ni yule tuliyemkaribisha, tukampa maji ya kunywa na mahali pa kulala. Na mgeni vilevile ni yule tusiyemjua, aliyekuja kwa safari zake na kwa hesabu zake. Wahenga walimwekea mgeni wa namna ya kwanza muda maalumu: siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe. Mgeni wa namna ya pili hawakumwekea muda wowote, maana hawakutazamia kwamba siku moja angekuja mgeni wa kukaa miaka zaidi ya arobaini, asishike jembe, na juu ya hayo alipwe kwa sababu ya ugeni wake.

Katika insha hii tunakusudia kueleza habari za mgeni huyo katika jiji la Dar es Salaam: alikula nini, alilala wapi, na gharama ya kuishi kama alivyoishi ilitoka katika mfuko wa nani. Jambo hili laweza kuonekana dogo mbele ya Vita vya Maji Maji au mbele ya harakati za kudai Uhuru. Hata hivyo, twaamini kwamba utamaduni wa Taifa haujengwi kwa ngoma na mashairi peke yake. Hujengwa pia na mazoea ya kuhesabu: nani huhesabiwa kuwa ana mahitaji, na mahitaji hayo ni yapi. Mazoea ya namna hiyo tuliyarithi, na mengine hatujayaacha.

Mji wenyewe ulikwisha kugawanywa kabla kapu la mgeni halijajazwa. Wajerumani walipoifanya Dar es Salaam makao makuu ya serikali yao mwaka 1891, waliweka kanuni za ujenzi zilizoacha upande wa mashariki, penye upepo wa bahari, kwa nyumba za Kizungu. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na katika miaka ya ishirini wakaupanga katika kanda tatu. Kwa maandishi, kanuni hizo hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja namna ya jengo. Lakini wananchi hawakudanganyika na maandishi. Wao walisema waziwazi: Uzunguni, Uhindini, Uswahilini. Kati ya Uhindini na Kariakoo uliachwa uwanja mpana wa Mnazi Mmoja, ambao sisi leo twaupenda kwa kivuli chake na kwa kumbukumbu za mashujaa, ilhali kusudi lake la awali lilikuwa kuwatenga watu, kwa hoja ya afya. Kuanzia miaka ya thelathini Uzunguni ulisogea kaskazini hadi Oysterbay, kwenye nyumba zenye baraza pana na madirisha ya wavu wa mbu, kila moja katikati ya bustani yake. Nyuma ya kila nyumba kulikuwa na chumba kimoja au viwili vya watumishi.

Katika mojawapo ya vyumba hivyo aliishi mjomba wetu, aliyekuwa mpishi katika miaka ya hamsini. Alitusimulia mambo haya tulipokuwa wadogo, naye alikuwa mzee aliyependa kusema polepole huku akichambua mchele kwenye ungo. Alisema kapu la bibi mwenye nyumba lilikuwa na safari mbili. Safari ya kwanza ilikwenda mjini, kwenye maduka ya barabara iliyoitwa Acacia Avenue, ambayo leo ni Samora. Huko zilinunuliwa siagi na jibini, jemu, biskuti za bati, nyama ya kopo, na whisky ya bwana. Safari ya pili ilikwenda Kariakoo na pwani kwa wavuvi: mayai, kuku, ndizi, nazi, na changu mbichi. Mjomba alikuwa na daftari la matumizi, na kila jioni bibi alilikagua. Kurasa za Kariakoo zilipita bila neno. Kurasa za mjini ndizo zilizoleta manung'uniko, na kila mara maneno yalikuwa yale yale: "Nchi hii ni ghali mno."

Mjomba aliyacheka maneno hayo, lakini sisi tunaona kwamba bibi yule hakusema uongo. Kwa kipimo chake, Dar es Salaam ilikuwa ghali kweli. Siagi yake ilivuka bahari mbili na Mfereji wa Suez. Ililipiwa nauli ya meli, bima, ushuru wa forodha na faida ya mwenye duka. Mtu akitaka kuishi Dar es Salaam kama aishivyo London, hana budi kulipia London na kulipia safari ya kuileta. Ughali haukuwa wa nchi. Ulikuwa wa kapu.

Tena, katika kapu hilo mizigo mizito haikuwamo. Nyumba ilikuwa ya Serikali, nayo fanicha ndani yake ilikuwa ya Serikali. Mwisho wa kipindi chake cha kazi, mtumishi alikwenda likizo kwao pamoja na mkewe kwa nauli iliyolipwa. Alipougua alitibiwa katika hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani kwa ajili ya Wazungu, wakati Waafrika walikwenda katika hospitali iliyotokana na fedha za tajiri Sewa Haji, mpaka ilipofunguliwa mwaka 1956 hospitali tunayoiita leo Muhimbili. Kwa hiyo mgeni aliponung'unika juu ya ughali wa maisha, alinung'unika juu ya siagi na whisky. Paa, meli na daktari vilikuwa vimekwisha lipiwa. Mlipaji alikuwa Hazina ya Tanganyika, na Hazina ilipata fedha zake kwa ushuru wa bidhaa na kwa kodi ya kichwa ya mkulima, pamoja na yule ambaye hakupata kuiona Dar es Salaam.

Kulikuwa na gharama nyingine, ya kulinda hadhi. Ofisa wa Serikali hakutazamiwa kupanda basi wala kufua nguo zake. Alipaswa kuwa mwanachama wa klabu, kukaribisha wenziwe chakula cha usiku, na kuweka mpishi, boi, yaya, dobi na mtunza bustani. Ajabu ni kwamba jambo hili, ambalo kwao Uingereza lingekuwa anasa ya matajiri, huku lilikuwa rahisi kuliko siagi. Na kwa nini lilikuwa rahisi? Kwa sababu mshahara wa mpishi ulikuwa mdogo. Unafuu wa maisha ya mgeni ulitoka katika ufinyu wa maisha ya yule aliyembebea kapu.

Mwaka 1947 iliundwa tume ya kuchunguza utumishi wa Serikali katika Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja, chini ya Sir Maurice Holmes. Taarifa yake ilitolewa mwaka uliofuata. Tume hiyo ilipendekeza kwamba mtumishi asiye Mzungu, katika kazi ile ile, alipwe sehemu tatu katika tano za mshahara wa Mzungu. Tuyatafakari maneno haya kidogo, maana wanafunzi wetu huyasoma upesi katika vitabu vya historia na kuyapita. Daktari aliyesomea Makerere alilipwa shilingi tatu pale mwenziwe alipolipwa tano. Sukari aliinunua kwa bei ile ile, katika duka lile lile, kwa ratili ile ile. Mwenye duka hakumpunguzia kitu kwa kuwa yeye ni Mwafrika. Maana ya hesabu hiyo, basi, ni kwamba mahitaji yake yalipunguzwa na watu wengine kwa niaba yake: yeye hahitaji viatu vya ngozi kwa watoto, hahitaji vitabu, hahitaji kitanda cha pili. Ni kipimo kilichomwambia mtu jinsi anavyostahili kuishi.

Na hapa yatubidi tuwataje wageni wengine wa Dar es Salaam, ambao hakuna aliyewaita kwa jina hilo katika karatasi za Serikali. Waliitwa wenyeji, hata kama walitoka mbali. Wenyeji wa kweli wa mji na viunga vyake ni Wazaramo na Washomvi. Lakini bandarini, relini na majumbani walikuwamo Waluguru, Wanyamwezi, Wangoni, Wamakonde na wengine wengi, waliosafiri majuma na hata miezi kuifikia pwani. Walikuwa mbali na kwao. Walilala chumba kimoja watu watatu au wanne katika nyumba za Kariakoo na Ilala, na kila mwezi walilipa kodi ya chumba kwa mwenye nyumba. Hakuna aliyewalipia nauli ya likizo. Fikra ya waajiri ilikuwa kwamba mtu huyu ni mseja kwa muda. Mkewe na watoto wako kijijini, wana shamba, na shamba litawalisha. Kwa hiyo mshahara wake ulipimwa kwa tumbo moja. Umbali wa Mzungu kutoka kwao ulikuwa sababu ya kumwongezea. Umbali wa Mwafrika kutoka kwao ukawa sababu ya kumpunguzia.

Makuli wa bandari ndio waliokataa hesabu hiyo mapema zaidi. Waligoma mwaka 1939, wakagoma tena mwaka 1943, wakati vita vilipokuwa vimepandisha bei za vyakula na nguo kuliko mishahara. Mnamo Septemba 1947 waligoma kwa nguvu mpya, na mgomo wao ukaenea kufuata Reli ya Kati, mji kwa mji, hadi ukawa mgomo wa watu wa kazi mbalimbali. Uamuzi uliotolewa baadaye uliwapandishia mshahara. Madai yao yalikuwa juu ya unga, kanga na kodi ya chumba; yaani juu ya kapu lao. Sisi twaona kuwa ndiyo mara ya kwanza katika mji huu gharama za maisha kusemwa na Mwafrika kwa sauti iliyosikika.

Mambo yalibadilika kidogo mwaka 1954, tume nyingine, ya Sir David Lidbury, ilipotoa taarifa yake. Viwango vya mishahara kwa rangi vilifutwa. Ukawekwa mshahara mmoja wa msingi, na yule aliyeajiriwa kutoka ng'ambo akapewa nyongeza ya kumvutia. Ilikuwa hatua ya mbele, na tusiibeze. Lakini mtu mwenye macho aliona kwamba tofauti haikuondoka. Ilivuliwa vazi la rangi ikavishwa vazi la ugeni. Tangu hapo mgeni alilipwa waziwazi kwa kuwa mgeni. Upande wa pili, kima cha chini cha mshahara kiliwekwa Dar es Salaam mwaka 1957. Miaka hiyo hiyo ofisa mmoja wa Serikali, J.A.K. Leslie, alizunguka mitaa ya Waafrika akiuliza watu wanavyoishi. Kitabu chake kilichapishwa mwaka 1963, na yeyote anayetaka kuijua Dar es Salaam ya wakati ule hana budi kukisoma, ingawa macho yake ni macho ya mtawala.

Uhuru ulipopatikana Desemba 1961, nafasi za juu na za kati katika Serikali zilikuwa 4,452, na raia waliozishika walikuwa 1,170 tu. Nchi ilihitaji wageni hao wakae kidogo, na wageni walihitaji kuvutiwa wakae. Ndipo Serikali ya Uingereza ikakubali, kwa mpango ulioanza mwaka huo, kuilipa yenyewe ile nyongeza ya ugeni kwa watumishi wake. Nasi tukaanza kuhesabu upya: kuanzia mwaka 1963 kima cha chini Dar es Salaam kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, na fikra ya kumpima mfanyakazi kama mseja ikaanza kuachwa.

Hapakukosekana aibu yetu wenyewe. Wananchi walibuni neno naizesheni, na kejeli iliyokuwa ndani yake haikuwa ndogo. Mwafrika aliyepanda cheo alikabidhiwa ofisi, na pamoja na ofisi akakabidhiwa nyumba ya Oysterbay, mpishi, na kapu. Nyumba ile ilijengwa kwa maisha ya aina fulani, nayo ilimfundisha mwenyeji mpya maisha hayo. Mwezi Oktoba 1966, wanafunzi wa Chuo Kikuu walipoandamana kupinga masharti ya kulitumikia Taifa, Mwalimu Nyerere aliwajibu kwa kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, akisema kwamba mishahara ya wakubwa ilikuwa mikubwa mno. Azimio la Arusha likafuata Februari 1967.

Tena mgeni alikuwa na gharama hata alipokwisha kuondoka. Pensheni za watumishi wa kikoloni waliorudi kwao ziliendelea kudaiwa kwetu. Mwaka 1968 Serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba haitaendelea kulipa pensheni kwa utumishi wa kabla ya Uhuru, kwa kuwa watu hao waliutumikia utawala wa Uingereza. Waingereza walikasirika, wakakata misaada yao. Twaweza kubishana kama uamuzi ule ulikuwa wa busara, lakini swali lililoulizwa lilikuwa la haki: mwajiri hasa alikuwa nani?

Kabla miaka kumi haijatimia tangu Uhuru, walifika wageni wa namna nyingine. Mnamo Januari 1964, katika safari yake ya Afrika, Waziri Mkuu wa China, Zhou Enlai, alitangaza kanuni nane za misaada ya nchi yake. Kanuni ya nane ilisema kwamba wataalamu wa Kichina wataishi kwa kiwango kile kile cha wataalamu wa nchi wanayoisaidia, wala hawatadai starehe za pekee. Reli ya Uhuru ilipojengwa, kuanzia mwaka 1970 hadi 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, watu waliiona kanuni hiyo kwa macho. Wachina walilala makambini, wakalima mboga zao wenyewe, wakavaa nguo za kazi zisizobagua mkubwa na mdogo. Sehemu kubwa ya gharama za ndani za ujenzi ililipwa kwa kuuza bidhaa za Kichina katika maduka yetu, hata baiskeli, vitambaa na sufuria za nyumba nyingi za wakati ule zilitoka huko. Hatusemi kwamba walikuwa malaika. Walijitenga, na wachache wetu walipata kuijua lugha yao au kula mezani pao. Lakini mgeni huyu alishika jembe. Waliofia kazini, zaidi ya 60, wamezikwa Gongo la Mboto, pembezoni mwa jiji.

Hayo yalipita. Miaka ya themanini ilikuja na uhaba, foleni za sabuni na unga, na kisha, mwaka 1986, mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa. Wataalamu wa wafadhili waliongezeka, na nyumba za Oysterbay na Masaki zikaanza kupangishwa kwa dola. Dola hiyo ilifanya kazi ambayo kanuni za ujenzi za Waingereza ziliifanya zamani, tena bila karatasi: ilichora mpaka. Mwenye nyumba aliyeweza kumpata mpangaji wa dola hakuwa na sababu ya kumtafuta mwalimu.

Siku hizi kuna kampuni kubwa ambazo kazi yao ni kulipima kapu la mgeni ulimwenguni kote. Mojawapo, iitwayo Mercer, hulinganisha bei za vitu zaidi ya 200 katika miji mingi, na mji wa New York ndio kipimo. Katika miaka kadhaa kati ya 2010 na 2017, mji uliotajwa kuwa ghali kuliko yote kwa wageni ulikuwa Luanda, makao makuu ya Angola, nchi iliyotoka katika vita virefu na ambayo wengi wa raia wake walikuwa maskini. Magazeti yalistaajabu. Mjomba wetu asingestaajabu. Aliyezoea kurasa mbili za daftari moja angejua kwamba mji mmoja unaweza kuwa na bei mbili, na kwamba ile ya juu hupatikana ukiuliza bei ya jibini.

Tusijitoe katika hukumu hii. Sisi wenyewe, katika utumishi wetu, tuliwahi kupelekwa London kikazi kwa miezi michache, tukapewa posho ya kujikimu iliyopimwa kwa bei za mji ule, na kwa mwezi ilizidi mshahara wetu wa nyumbani. Tulifanya nini? Tulipanda treni mwendo wa saa nzima kwenda kutafuta unga wa sembe na mchicha, tukavilipia bei ambayo hatuthubutu kuitaja mbele ya wake zetu, na jioni tukanung'unika: nchi hii ni ghali mno. Kumbe kila mtu hubeba kapu la kwao. Kosa la watawala wale halikuwa kupenda siagi. Kosa lilikuwa kumlipisha mkulima siagi hiyo, kisha kumwambia kwamba yeye hana kapu.

Mwezi Machi 2025 Serikali ilitoa kanuni zinazokataza bei za bidhaa na huduma za hapa nchini kutajwa au kulipwa kwa fedha za kigeni. Wapangishaji wengi wa Masaki hawakuifurahia habari hiyo. Bei zimeandikwa upya kwa shilingi, na tarakimu zimekuwa ndefu.

Nyumba aliyopika mjomba wetu haipo tena. Baada ya Uhuru aliikaa mkurugenzi mmoja, kisha mwingine, kisha ikauzwa, kisha ikavunjwa. Pamesimama ghorofa za kupangisha zenye bwawa la kuogelea, na pale palipokuwa na chumba cha mpishi pamejengwa kibanda cha mlinzi. Tulipopita huko mwaka jana tulisimama kumsalimu mlinzi, tukamwuliza kwao wapi. Akasema Singida. Tukamwuliza kama anakaa na mkewe na watoto hapa mjini. Akasema hapana, mshahara hautoshi chumba cha pili. Wako kijijini, wanalima.